Aliyeshindwa Kulipa Si Sawa na Aliyekataa Kulipa

Wahenga wetu hawakukosa la kusema kuhusu deni. Walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wakasema tena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Methali hizi mbili humwelekea mkopaji, na hapana mzazi wala mwalimu ambaye hajapata kuzitumia kumwonya kijana. Lakini ipo methali ya tatu, inayotajwa kwa nadra zaidi, ambayo humwelekea mwenye mali mwenyewe: mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii haimlaumu aliyekopa. Inamuuliza aliyekopesha kama anajua mali yake imekwenda wapi.

Swali hilo linatuhusu sisi sote, msomaji mpendwa, kwa sababu katika mikopo ambayo serikali huwapa wakulima, mkopeshaji si waziri wala si meneja wa shirika. Mkopeshaji ni mlipa kodi. Ni mwalimu wa Kangundo ambaye mshahara wake hukatwa kodi kila mwezi kabla haujamfikia mkononi. Ni mwanafunzi wa Masii anayenunua kalamu iliyokwisha kutozwa kodi ya ongezeko la thamani. Fedha hizo hukusanywa Nairobi, zikapitishwa na Bunge, zikakabidhiwa shirika au hazina fulani, zikatolewa kwa mkulima kwa jina la mkopo. Ikiwa zitarudi, vyema, maana zitamfaa mkulima wa pili na wa tatu. Ikiwa hazitarudi, ni haki yetu kujua sababu. Na mwakilishi tuliyemtuma kuiuliza sababu hiyo ni mbunge.

Ili tuelewe kwa nini swali hili halijapata jibu zuri, inatupasa kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1931, Kenya ikiwa chini ya Waingereza, ilifunguliwa benki ya serikali ya kukopesha wakulima, iliyoitwa Benki ya Ardhi na Kilimo. Wakulima waliokusudiwa walikuwa walowezi. Benki ilikopesha kwa rehani ya ardhi yenye hati, na Mwafrika wa Machakos, aliyelima katika eneo lililoitwa hifadhi ya wenyeji, hakuwa na hati ya kuweka rehani. Baraza la Kutunga Sheria ndilo lililopasa kuiangalia benki hiyo, na humo walowezi walikuwa na wajumbe wao wa kuchaguliwa, wenye kauli nzito. Kwa maneno mengine, mkopaji aliketi katika baraza lililomkagua mkopeshaji. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Ukambani haukupata mjumbe wake wa kuchaguliwa hadi mwaka 1957, James Muimi alipoingia. Ilikuwa imepita miaka 26 tangu benki ile ifunguliwe.

Hebu tulinganishe na yaliyotendeka hapa kwetu katika muongo ule ule. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, kwa hoja kwamba mifugo imezidi na ardhi inamomonyoka, iliwalazimisha watu wa Machakos kuuza ng'ombe wao. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakidai kumwona gavana. Yeye mwenyewe alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuachana na mpango ule wa kuwashurutisha. Hivyo basi, mlowezi alipozidiwa na hali ngumu ya miaka ile, alifunguliwa benki. Mkamba alipozidiwa, alichukuliwa ng'ombe. Tofauti kati yao haikuwa bidii. Mmoja alikuwa na wa kumsemea palipogawanywa fedha za umma, na mwingine hakuwa naye.

Mwaka 1963 liliundwa Shirika la Fedha za Kilimo, ambalo wengi hulijua kwa herufi tatu, AFC, na mwaka 1969 shirika hilo likarithi kazi na mali ya ile Benki ya Ardhi na Kilimo. Lengo lake kwa mujibu wa sheria ni kusaidia maendeleo ya kilimo kwa kuwakopesha wakulima, vyama vya ushirika, makampuni na mashirika mengine. Ni lengo jema, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayelipinga. Wapo wakulima waliosomesha watoto na kupanua mashamba yao kwa mkopo wa shirika hilo, na wakalipa hadi senti ya mwisho. Hao ni wengi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa anayelipa deni lake hatajwi gazetini.

Lakini pamoja na benki ile, Kenya huru ilirithi pia mazoea yake. Mfano mmoja ni mpango uliowahakikishia wakulima wa mahindi na ngano kiasi fulani cha mapato kwa kila ekari. Mpango huo ulianzishwa mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili walowezi wahimizwe kuzalisha nafaka. Mkulima alipewa fedha kabla ya kupanda, na mazao yakiharibika, serikali ilibeba hasara. Uliendelea baada ya uhuru hadi miaka ya 1970, na walioufaidi zaidi ni wenye mashamba makubwa ya nafaka katika Bonde la Ufa. Mpango wa namna hiyo ni mzuri pale ambapo ukame ni ukame wa kweli. Ila kila aliyepata kuwa karani anajua kwamba, pasipo mkaguzi, hata mvua ikinyesha vizuri hasara zitaandikwa tu.

Machakos kwa upande wake ilijijenga kwa njia nyingine. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kiitwacho More People, Less Erosion, ambamo walionyesha jinsi wilaya iliyodhaniwa katika miaka ya 1930 kuwa imekufa kwa mmomonyoko ilivyofufuka huku idadi ya watu wake ikiongezeka takriban mara tano. Vilima vilivyokuwa vyekundu kama kidonda vilivikwa matuta. Matuta hayo yalichimbwa kwa mikono, mara nyingi na vikundi vya mwethya, na gharama zake zilitokana kwa kiasi kikubwa na fedha za wenyeji wenyewe: mauzo ya kahawa, biashara ndogondogo, na mishahara ya ndugu walioajiriwa mijini, wakiwemo walimu. Mkopo wa serikali haukuwa nguzo ya kazi hiyo. Hata mtindo mmoja wa kuchimba matuta ulioenea hapa, fanya juu, umeingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani kwa jina lake la Kiswahili.

Sisemi haya ili kujisifu. Nayasema kwa sababu yanazua swali ambalo mbunge yeyote wa Ukambani angepaswa kuliuliza kila mwaka. Ikiwa wakulima waliweza kufanya makubwa hayo kwa fedha zao kidogo, je, fedha za umma zilizotengewa wakulima wa nchi nzima zilikuwa zikienda wapi? Zilitolewa kwa nani, katika kaunti gani, kwa zao gani, na katika mwezi gani? Swali la mwezi si la mzaha. Sehemu kubwa ya Ukambani hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei. Mkopo wa mbegu ambao ratiba yake imepangwa kwa kufuata msimu wa mahindi wa Trans Nzoia humfikia mkulima wa Yatta wakati ambapo hauna kazi tena ila kula. Naye akiula, huandikwa mdaiwa sugu.

Hapa ndipo ningependa kuingia katika uwanja wangu wa isimu, maana naamini sehemu kubwa ya tatizo hili ni tatizo la maneno. Kiswahili hutofautisha waziwazi kati ya kushindwa kulipa na kukataa kulipa. Aliyeshindwa alitaka, akazuiwa na jambo lililomzidi nguvu. Aliyekataa aliweza, akaamua asilipe. Mtoto wa darasa la tatu anaijua tofauti hiyo. Lakini daftari la mikopo haliijui. Katika daftari kuna safu moja tu ya mikopo isiyolipwa, na humo mjane wa Mwala ambaye kunde zake zilikauka huketi bega kwa bega na tajiri aliyechukua mamilioni kwa shamba asilolilima, akayapeleka kwenye majumba ya kupangisha mjini.

Tukumbuke kwamba kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilipungua au kukosekana mfululizo katika maeneo mengi ya mashariki na kaskazini mwa Kenya. Mkulima aliyekopa katika kipindi hicho na kushindwa kulipa hana hatia. Huko nyuma, katika miaka ya 1980, Wakamba walipata njaa waliyoipa jina la Nikw'a ngwete, yaani nafa nikiwa nazo mkononi, kwa kuwa hata aliyekuwa na fedha hakuona chakula cha kununua. Watu walioweza kuipa njaa jina la namna hiyo hawahitaji kufundishwa kwamba si kila mwenye deni ni mlaghai. Wanachohitaji ni daftari linalosema hivyo.

Safu moja inapowachanganya hawa wawili, matokeo huwa ni dhuluma mara mbili. Kwanza, wakati wa kudai. Sheria ya AFC inalipa shirika hilo uwezo wa kuuza mali iliyowekwa rehani bila kwanza kwenda mahakamani. Makali ya sheria kama hiyo humwangukia kwa urahisi mtu wa ekari tano asiye na wakili, na humkwepa mwenye ekari elfu na marafiki. Pili, wakati wa kusamehe. Uchaguzi unapokaribia, viongozi hupanda majukwaani na kutangaza kwamba madeni ya wakulima yamefutwa, nasi tukapiga makofi. Makofi hayo tunawapigia akina nani? Tunadhani tunampigia yule mjane. Lakini msamaha usio na orodha huhesabiwa kwa shilingi. Haujui mtu. Kwa hiyo mwenye deni kubwa zaidi ndiye anayesamehewa zaidi, na mara nyingi mwenye deni kubwa zaidi si mjane.

Nalo neno msamaha linastahili kutazamwa. Katika matumizi yetu ya kawaida, anayesamehe ni yule aliyekosewa. Mwanasiasa anayesamehe deni la umma hasamehi chake. Anasamehe changu na chako, kisha anachukua shukrani yetu akaenda nayo nyumbani. Mali ni ya umma, basi na msamaha ni wa umma, na ni Bunge pekee, likiwa na karatasi mezani, linalopaswa kuutoa kwa niaba yetu.

Je, Bunge lina uwezo huo? Linao, na zaidi ya hapo. Kifungu cha 229 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe ripoti zake katika muda wa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na athibitishe kama fedha za umma zimetumiwa kihalali na kwa njia yenye manufaa. Bunge nalo limepewa miezi mitatu ya kuijadili ripoti hiyo na kuchukua hatua. Mwaka wa fedha hukoma tarehe 30 Juni. Kwa hesabu ya kawaida, ripoti inapaswa kuwa tayari ifikapo mwisho wa Desemba, na mjadala uwe umekwisha ifikapo mwisho wa Machi, wakulima wanapojiandaa kupanda. Katika Bunge la sasa, lililoanza mwaka 2022, kazi ya iliyokuwa Kamati ya Uwekezaji wa Umma imegawanywa kwa kamati tatu, na jina la mojawapo linataja kilimo waziwazi. Vyombo, basi, vipo.

Kinachokosekana ni wakati na mpangilio. Tumezoea kuziona kamati zikikagua hesabu za miaka kadhaa kwa mkupuo mmoja, wakati meneja aliyetoa mikopo amestaafu, mwenyekiti wa bodi amekwenda kwingine, na mkopaji mwenyewe pengine ameiaga dunia. Ukaguzi wa namna hiyo ni matanga. Watu hukusanyika, husikitika, huandika risala, kisha hutawanyika. Isitoshe, mikopo yenyewe imetawanywa katika vyungu vingi. Mbali na AFC, kuna hazina ya mazao iliyoundwa chini ya Sheria ya Mazao ya mwaka 2013. Kuna hazina ya malipo ya awali ya kahawa, iliyotengewa shilingi bilioni 3 na kuwekewa kanuni mwaka 2020, ambayo inawagusa moja kwa moja wakulima wa Kangundo, Matungulu na Kathiani. Kuna pia hazina za kaunti. Kila chungu kina kifuniko chake na ripoti yake. Mtu akikopa katika chungu kimoja asilipe, hapana kinachomzuia kwenda kwenye cha pili akiwa na uso mkavu.

Aidha, Katiba yenyewe imekwisha kutuonyesha njia katika jambo linalofanana na hili. Kifungu cha 210 kinasema kwamba sheria ikiruhusu mtu asamehewe kodi au ada ya leseni, ni lazima iwepo rekodi ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na kila msamaha uarifiwe kwa Mkaguzi Mkuu. Jiulize, msomaji, kuna tofauti gani kati ya shilingi ya kodi iliyosamehewa na shilingi ya mkopo wa umma iliyosamehewa? Zote mbili zimetoka katika mfuko mmoja. Ikiwa ya kwanza inahitaji rekodi na sababu, kwa nini ya pili itolewe kwa tamko la jukwaani?

Wako watakaosema kwamba uchunguzi wa aina hii ni mgumu mno kwa nchi yenye mamilioni ya wakulima. India ina wakulima wengi kutushinda mara nyingi. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo ilitangaza mpango wa kufuta na kupunguza madeni ya wakulima, uliogharimu zaidi ya rupia bilioni 500. Miaka mitano baadaye, Machi 2013, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wake iliwasilishwa Bungeni. Wakaguzi walikuwa wamepekua akaunti zaidi ya 90,000, moja baada ya nyingine, na kukuta kasoro katika zaidi ya moja kwa kila tano. Wapo waliostahili msamaha wakaachwa, wapo wasiostahili wakasamehewa, na zipo kumbukumbu zilizofutwafutwa na kuandikwa upya. Ripoti hiyo haikuwarudishia wote haki yao. Lakini iliwawezesha wabunge na wananchi kujua, kwa tarakimu, jinsi huruma ya taifa ilivyopotea njiani. Sisi hapa tumesikia misamaha mingi. Hesabu ya namna hiyo hatujapata kusomewa.

Na hata tungesomewa, tungesomewa kwa lugha gani? Mwaka 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni. Katiba ya 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika Kifungu cha 120 ikakiweka miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo, ripoti za ukaguzi huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wahasibu, ambacho hata mwenye shahada huhitaji kukisoma mara mbili. Mkulima wa Masinga, ambaye jina lake limo katika zile tarakimu, hana mlango wa kuingilia.

Nimesikia ikidaiwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hiyo. Dai hilo halina msingi. Jirani zetu wa Tanzania hujadili ripoti za Mkaguzi wao Bungeni kwa Kiswahili kila mwaka, na ofisi yake huchapisha pia toleo fupi kwa ajili ya wananchi. Mtu wa kawaida mjini Dodoma anajua hati safi ni nini, hati yenye shaka ni ipi, na hati chafu inamaanisha nini. Mikopo isiyolipika wanaiita mikopo chechefu, na neno hilo limekaa vizuri midomoni mwa wahasibu na wauza mitumba kwa pamoja. Msamiati haushuki kutoka mbinguni. Hukua pale ambapo watu wana jambo la lazima la kuambizana. Tukisema hatuna maneno ya kukagulia mikopo yetu, tunakiri tu kwamba hatujaanza kuikagua pamoja.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba wabunge wakikaribishwa katika mambo ya mikopo, wataanza kuwapendekeza jamaa zao. Hofu hii ina msingi. Ndiyo maana yafaa tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa kila siku, kusimamia na kuingilia. Anayeingilia huja kabla ya uamuzi na kumnong'oneza meneja jina la mtu. Anayesimamia huja baada ya uamuzi, mbele ya watu wote, na kuuliza kama kanuni ilifuatwa. Mbunge hana haki hata kidogo ya kusema nani apewe mkopo. Ana wajibu kamili wa kuuliza kwa nini waliopewa walipewa. Tena, mbunge au afisa wa serikali anapokuwa mkopaji yeye mwenyewe, mkopo wake na utangazwe, na asiketi katika kamati inayolikagua shirika linalomdai. Tusirudie kisa cha Baraza la walowezi.

Ya pili ni kwamba deni la mtu ni siri yake na mkopeshaji wake. Kwa mkulima mdogo nakubali. Hapana faida ya taifa katika kumwanika gazetini mtu aliyeshindwa kulipa shilingi elfu hamsini, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamkinga. Lakini siri ya mnyonge isiwe shuka la kumfunika mwenye nguvu. Kwa mikopo midogo, Bunge lipewe jumla kwa kaunti, kwa zao na kwa sababu ya kutolipa. Kwa mikopo mikubwa, na kwa kila msamaha unaozidi kiwango kitakachowekwa kisheria, jina litajwe. Anayetaka mamilioni ya umma pamoja na siri kamili, milango ya benki za kibinafsi iko wazi.

Basi tunadai nini? Tunadai mambo manne ambayo hayahitaji jengo jipya wala tume mpya. Kwanza, kila mwaka Bunge lipewe jedwali moja linalokusanya mikopo yote ya umma kwa kilimo kutoka katika vyungu vyote, likionyesha kilichotolewa, kilichorudi na kisichorudi. Pili, safu ya kisichorudi igawanywe mara mbili: walioshindwa, pamoja na sababu kama vile ukame, maradhi ya mifugo au kuporomoka kwa bei, na waliokataa. Tatu, pasiwe na msamaha wowote wa deni bila azimio la Bunge na rekodi ya umma, kama Katiba inavyotaka kwa kodi. Nne, jedwali hilo litolewe kwa Kiswahili na kutumwa katika kila kaunti, ili Bunge la Kaunti ya Machakos, ambalo nalo lina mamlaka ya kuichunguza serikali ya kaunti, liweze kulijadili kwa kuangalia fungu letu.

Walimu wenzangu mnaosoma ukurasa huu, jambo hili si geni kwenu. Wengi wenu ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. Kila mwaka, katika mkutano mkuu, mwenyekiti husimama na kuwasomea ni wanachama wangapi wamechelewa kulipa, kiasi gani, na wadhamini wamechukuliwa hatua gani. Mwenyekiti akisema madeni ya watu fulani yamefutwa, bila kuwataja wala kutoa sababu, hatatoka ukumbini akiwa mwenyekiti. Hamfanyi hivyo kwa chuki. Mnafanya hivyo kwa sababu mnajua kwamba mkopo wa kesho utatoka katika marejesho ya leo. Nanyi wanafunzi, mnaofundishwa kwamba Bunge hutunga sheria na kuisimamia serikali, muulizeni mbunge wenu atakapofika shuleni siku ya kutoa zawadi: mwaka jana wakulima wa eneo letu walikopeshwa shilingi ngapi za umma, na ni wangapi walioshindwa kulipa, na ni wangapi waliokataa? Akilijua jibu, mpigieni makofi ya kweli. Asipolijua, mwambieni kwa adabu kwamba mtamngoja nalo mwaka ujao.

Mkulima wa vilima vya Iveti na wa nyanda za Yatta hajaomba asamehewe dhambi ambayo hakuitenda. Ameomba mkopo ufike kabla ya mvua, na mvua ikikosekana, daftari liandike kwamba mvua ilikosekana. Daftari hilo ni letu, kalamu tumewapa wabunge, na wino tunaulipia kila mwezi.